Msumeno Unakula

Mdomo wangu haujui kunyamaza. Nalisema mapema ili asije mtu akadai sikumuonya. Mtaani wananiita Mama Randa, na wengi wanadhani ni kwa sababu ya kazi, maana mimi ni fundi seremala na randa haikauki mkononi. Lakini aliyenibandika jina hilo ni fundi viatu, jirani yangu wa karakana, na alisema wazi kwamba nikimpitia mtu kwa maneno anabaki laini. Sikukasirika. Nilimwambia tu kwamba viatu vyake navyo vinawalia wateja hadi barabarani, tukacheka, yakaisha.

Kazi hii niliirithi kwa baba. Niliacha shule darasa la tano, siku mwalimu alipomwambia baba kwamba mtoto wa fundi akishajua kusoma futi, mengine ni kumchosha bure. Baba alikuwa anawaogopa walimu kuliko ugonjwa. Akaitikia ndiyo mwalimu, ahsante mwalimu, na kesho yake nikawa nashika ncha ya ubao yeye akikata. Nilikuwa wa pili darasani. Wa pili kutoka juu, jamani, siyo kutoka chini. Nalitaja mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine anayelikumbuka.

Sasa nina binti mmoja, yuko darasa la sita. Baba yake ni dereva wa lori, nyumbani anakuja kama mgeni, na kama mgeni anaulizwa atakaa siku ngapi. Kwa hiyo mtoto amelelewa na mimi na mbao. Tangu aanze kutembea anachomeka penseli nyuma ya sikio kama mimi, analala nayo, anaoga nayo, ndiyo maana sote tunamwita Penseli. Kazi zake za shule anafanyia kwenye meza yangu ya kazi. Anapuliza maranda, anafungua daftari, na mimi upande wa pili nakata. Nikimwambia nisomee hapo futi inasemaje, ananisomea. Nikimuuliza zimebaki ngapi, ananijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Shule yake ina jengo moja la ghorofa. Chini wanakaa watoto wengi, madawati yanabanana. Juu kuna chumba kimoja chenye feni, kompyuta na makabati ya vitabu ukuta mzima, na huko hupandishwa wale wanaotarajiwa kufaulu mtihani wa kwenda sekondari. Watoto wanasema wa ghorofani na wa chini, kama vile ni makabila mawili. Ukisimama chini ya ngazi asubuhi utawaona wanaopanda: wa daktari, wa wakili, wa meneja wa benki, wale wenye mwalimu wa kuwafuata hadi nyumbani. Sina chuki nao, watoto hawana kosa. Kilichokuwa kinanichoma ni kwamba makabati ya chumba kile niliyatengeneza mimi. Rafu zangu zilipanda ngazi, zikapokelewa kwa makofi, na hakuna aliyeziuliza zimetoka familia gani.

Mwanzoni mwa mwaka walituletea fomu ya taarifa za mzazi. Kazi ya mzazi. Elimu ya mzazi. Idadi ya vitabu nyumbani. Je, mtoto ana meza yake ya kusomea? Swali la mwisho liliuliza: Nani anamsaidia mtoto masomo nyumbani? Niliishika kalamu ile mpaka ikapata joto. Nikaandika fundi, nikaandika darasa la tano, nikaruka ya vitabu, nikaruka ya meza. Pale mwisho nikaandika hakuna. Niliona aibu, basi. Nilijiambia mtu wa darasa la tano hawezi kuandika kwamba anamsaidia mtoto wa darasa la sita, watanicheka ofisini.

Halafu ukaja mtihani wa hesabu wa kuchagua wa kupanda. Aliyepata themanini kwenda juu anapanda, aliye chini ya hapo anabaki, na majina yangebandikwa Ijumaa, siku ya wazazi. Nilimuuliza Penseli ulikuwaje, akasema mwepesi. Anayesema hivyo ni mtoto asiyesifu hata chakula kitamu, kwa hiyo nililala usingizi wa mfalme.

Jumatano alirudi bila kunisalimu. Alipita moja kwa moja, akachukua ufagio, akaanza kufagia karakana ambayo ilikuwa imeshafagiliwa. Nikatazama sikio lake. Penseli haikuwepo. Nikamuuliza karatasi ya mtihani iko wapi. Akaendelea kufagia. Niliikuta mwenyewe kwenye gunia la maranda, imekunjwa mara nne.

Sabini na saba.

Nilianza kuipitia taratibu, kwa kidole, maana nasoma lakini si mbio. Kila mahali ni vema, vema, vema. Swali la kumi na nane lilikuwa na mkasi mwekundu wa kosa, na lilikuwa na alama nne. Liliandikwa hivi: Fundi ana ubao wa mita tatu. Akiukata kwa msumeno, atapata vipande vingapi vya sentimita hamsini kamili? Penseli alikuwa ameandika 6, akaikata kwa mstari, akaandika pembeni 5, na mbele yake maneno mawili: msumeno unakula. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Msumeno hauna mdomo!

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze. Msumeno haupiti kwenye mbao kama kisu kwenye siagi. Unasaga. Ule unga unaodondoka chini ndiyo mbao yenyewe, imeondoka, hairudi. Wangu ule mkubwa unakula milimita tatu kila unapopita. Sisi mafundi tunasema msumeno unakula, na mtu asiyeuhesabia mlo wake atatengeneza kabati lenye mlango usiofunga. Baba alinifundisha hivyo kwa kunipiga kofi la kisogo. Mimi nilimfundisha Penseli bila kofi, lakini nilimwambia labda mara elfu.

Nikamuuliza kwa nini alikata ile sita. Akasema aliiona sita haraka sana, halafu akakumbuka fundi. Akasema mwalimu aliisoma karatasi yake mbele ya darasa, wote wakacheka, na sasa wanamwita Mdomo wa Msumeno. Kisha akasema neno ambalo nitakwenda nalo kaburini.

"Mama, kumbe mambo ya huku hayatakiwi kule."

Mwanangu yule, miaka kumi na miwili. Niligeuka nikajifanya natafuta msasa, machozi yakinitoka kama mjinga. Maana hesabu yake ilikuwa wazi: angekuwa mtoto wa mtu mwingine yeyote, asiyejua msumeno ni nini, angeiacha ile sita na angekuwa anapanda ngazi. Mimi ndiye niliyemwangusha. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

Alhamisi nilivaa gauni la harusini nikaenda shuleni. Mwalimu wa hesabu ni kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na watoto wanamwita Bwana Jibu kwa sababu kila siku anawaambia hesabu ina jibu moja. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti. Nilijieleza vizuri, nilijikaza kweli, hata sauti sikupandisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwa upole kwamba mwongozo wa kusahihisha unasema sita. Akaongeza kwamba isiniumize, maana watoto wa mazingira kama yetu hufika kikomo mapema, hawana mtu wa kuwashika mkono, na kumpandisha mtoto wa namna hiyo juu ni kumtesa. Kisha akafungua faili, akatoa ile fomu yangu, akaweka kidole pale mwisho.

"Mama, wewe mwenyewe uliandika hakuna."

Mimi, Mama Randa, nilinyamaza. Wanaonijua wamekataa kuamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilisema ahsante mwalimu. Nilipofika getini nikasikia sauti yangu ikijirudia kichwani, ahsante mwalimu, na ilikuwa sauti ya baba kabisa, ile ya siku niliyoachishwa shule. Pale ndipo damu iliponichemka. Nikajisemea hapana, safari hii hapana, piga ua.

Ijumaa asubuhi nilichagua ubao. Sikuchukua ubao wa hivi hivi. Nilitoa mbao laini iliyokauka vizuri, nikaipiga randa pande zote, nikaipima mita tatu, nikaipima tena, nikamwita Penseli naye apime. Aliniuliza tunaupeleka wapi. Nikamwambia shuleni. Akasema mama usifanye hivyo, watacheka. Nikamwambia wacheke, lakini kwanza wapime. Akashika ncha moja, mimi nyingine, msumeno nimeutia begani, futi na karatasi ya mtihani mfukoni. Fundi viatu alituona tunapita akauliza kama shule imebomoka. Nikamjibu bado, ila kuna mahali pamelegea, naenda kukaza.

Uwanja ulikuwa umejaa wazazi, viti vimepangwa, karatasi ya majina imebandikwa ukutani chini ya ngazi. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima anayevaa miwani ya kamba, alikuwa anajiandaa kusimama. Tulipoingia na ule ubao vichwa viligeuka vyote. Njia ilitanuka yenyewe, maana hakuna anayetaka kugongwa na mita tatu za mbao. Tukaenda hadi mbele, nikaulaza juu ya madawati mawili.

Mwalimu mkuu aliniuliza kama ni rafu mpya. Nikamwambia hapana mwalimu, hili ni swali la kumi na nane. Nikamwomba dakika kumi tu, na nikamwomba Bwana Jibu aje anikatie vipande sita vya sentimita hamsini kamili. Nikasema nikipata sita, narudi zangu nyumbani na sitakanyaga hapa tena hadi mtoto amalize. Wazazi wengine walianza kuguna, baba mmoja akaangalia saa. Lakini mwalimu mkuu alikuwa anaitazama mbao, na nadhani alikumbuka yale makabati, kwa sababu alivua miwani akasema haya, mwalimu, tuone.

Masikini kijana wa watu. Alikunja mikono ya shati, akapima hamsini, akachora mstari, akaanza kukata kama mtu anayekuna mgongo. Msumeno ukamganda. Mikono yangu ilikuwa inaniwasha, lakini nilijizuia, nikamwambia tu asiubane, auache utembee wenyewe, na akate nje kidogo ya mstari ili kipande kitoke kamili. Akakata cha kwanza, akakipima, hamsini. Akapima upya, akakata cha pili. Jasho lilikuwa linamtoka hadi ile mikunjo ya pasi ikapotea. Cha tatu, cha nne. Unga wa mbao ulikuwa umelundikana juu ya viatu vyake vyeusi, na hakuna aliyekuwa anaguna tena. Akakata cha tano, akasimama wima. Kilichobaki juu ya madawati ndicho kilikuwa cha sita.

Nilimpa futi Penseli. Akaiweka kama nilivyomfundisha, ncha kwa ncha, akasoma kwa sauti. Arobaini na nane na nusu.

Mtu mmoja nyuma akasema soma tena. Akasoma tena. Ilikuwa ileile.

Hapo ningependa kusema nilishinda, lakini Bwana Jibu si mjinga. Alijifuta jasho akasema, kwa haki kabisa, kwamba hapa ni karakana na mtihani ni mtihani. Kwenye kitabu, tatu ukigawa kwa nusu ni sita, na kitabu hakina unga wa mbao. Mtoto anapaswa kujua kitabu kinataka nini. Wazazi wakatikisa vichwa kumkubalia, na mimi nikahisi ubao wote unaniteleza. Nilikuwa nimeleta mbao, nimeleta msumeno, na maneno yangu yote yakawa yameisha pale.

Penseli akainua mkono. Mbele ya wazazi wote aliinua mkono kama yuko darasani, akasubiri kuruhusiwa.

"Mwalimu, ungeniuliza tatu gawa kwa nusu ningeandika sita. Na niliiandika, ipo pale. Lakini swali lilisema fundi, likasema msumeno, likasema kamili. Nikajua unaniuliza kuhusu mama."

Nilisikia feni ya kule juu inazunguka, ile ya chumba chenye makabati yangu.

Aliyesema kwanza ni yule baba aliyekuwa anaangalia saa. Ni daktari wa meno, mwanawe yuko ghorofani siku zote. Alisimama akasema mtoto huyu yuko sahihi, kwa sababu hata mashine yake ya kutobolea inakula jino, na angefuata hesabu ya kitabu wagonjwa wake wote wangekuwa na mapengo. Watu wakaangua kicheko, na safari hii hawakumcheka mwanangu. Mwalimu mkuu naye alicheka huku akirudisha miwani. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: yale makabati ya juu, kila rafu niliikata kwa kuhesabu mlo wa msumeno? Nikamwambia mwalimu, nisingeuhesabu, vitabu vyako vingekuwa sakafuni tangu mwaka juzi.

Akageuka kwa Bwana Jibu. Alisema sita haitafutwa kwa aliyeiandika, maana waliosoma kitabu hawakukosea. Lakini tano nayo ni alama nne, kwa sababu mtoto alisoma swali lote, hadi neno la mwisho. Na yule kijana, nitampa haki yake, hakusubiri kusukumwa. Aliniomba ile karatasi ya mtihani, akachomoa kalamu yake nyekundu mfukoni, akaikata ile sentensi ya msumeno hauna mdomo, akaandika vema. Halafu akaiambia karatasi, maana kumwangalia mtoto usoni alishindwa kwanza, kwamba aliicheka kabla ya kuiuliza. Baadaye akainua macho akamwambia samahani. Penseli akamjibu haina shida mwalimu, ila msumeno usiubane.

Sabini na saba na nne ni themanini na moja. Hata darasa la tano linatosha kulijua hilo. Mwalimu mkuu aliandika jina la mwanangu kwa mkono wake kwenye ile karatasi ya ukutani, na Penseli akapanda ngazi kwenda kuona chumba. Hakukimbia. Alishika ukingo wa ngazi, akapanda moja moja, na alipofika katikati akaweka mkono nyuma ya sikio, akakuta patupu. Akageuka kunitazama. Nikachomoa penseli yangu sikioni nikamrushia, akaidaka, akaichomeka, akaendelea kupanda. Mimi nilipiga vigelegele, naungama. Nilipiga hadi daktari wa meno akaziba masikio, na nilikuwa nalia pia, vyote kwa pamoja, bila aibu hata kidogo.

Watu walipoanza kutawanyika nilimfuata Bwana Jibu ofisini. Aliponiona mlangoni alisimama haraka, nadhani alidhani nimemjia na randa. Nikamwambia sitaki ugomvi, nataka fomu yangu. Akaitoa. Nikamwomba na kalamu, akanipa ile nyekundu, ndiyo iliyokuwa mkononi.

Nilikaa kwenye kile kiti alichonipa jana. Penye idadi ya vitabu nikaandika vitatu, maana ndivyo vilivyopo na sina haja ya kudanganya. Penye meza ya kusomea nikaandika ipo, mita mbili na nusu, nimeitengeneza mwenyewe. Kisha nikashuka hadi swali la mwisho, nani anamsaidia mtoto masomo nyumbani. Lile neno langu lilikuwa bado pale. Nikalikata kwa mstari mmoja, ulionyooka bila rula, na pembeni yake, kama alivyofanya mwanangu, nikaandika jibu.

Mimi.